Mchi

Bibi alivuka Ruvuma na mchi wa kutwangia.
Kinu kilimshinda uzito, akakiacha uani kule Mueda
na unga nusu ndani yake.
Mchi akapimia kina cha maji,
mtoto mgongoni (huyo ni mama yangu),
na nyuma ya ndonya, mdomoni, kitu kimoja
ambacho askari wa Mreno hawakukipekua:
sh.

Hapa Chikongola majirani wanasema chi.
Chimakonde. Chinu.
Kwetu ni Shimakonde, ni shinu.
Ni hilo tu, ulimi kulegea, pumzi kuzidi kidogo,
na shule nzima ikajua.
"Mmawia huyo! Msimkasirishe, ana panga!"
Sikuwa na panga. Nilikuwa na daftari la hesabu
na mafuta ya nazi miguuni.
Basi nikaianika sh yangu kama muhogo,
juu ya bati, mbali na kuku,
hata ikakauka, ikawa haina harufu ya kwao.

Siku niliyorudi nyumbani na chi
Bibi hakunigombeza.
Alinisogezea kikombe na kiazi cha moto:
"Haya, matabishu yako, mgeni."
Chai ile iliniunguza hadi leo.

Kila Juni ishirini na tano
uani kwa mzee Agostinyu Shilavi, nyuma ya gereji,
wanakusanyika: fundi cherehani, mlinzi wa benki,
Mama Filomena wa korosho za kukaanga,
na yule tabibu wa Ligula
ambaye mwaka mzima kwao ni Newala.
Siku hiyo hakuna anayetoka Newala.
Ngoma zinapashwa kwa majani makavu ya mkorosho,
mtu anamlilia kaka aliyebaki vitani,
mwingine anadai deni lake la bati,
kisha lipiko anatokea,
uso wa mti, nywele za mtu,
viuno vya njuga, mabega ya homa.
Wanawake tunakimbia. Ni mzuka.
Hakuna mtu ndani.

Mwaka wake wa mwisho Bibi alinishika mkono:
"Kile kidole gumba ni cha Faustinu,
nilimtoa funza mwenyewe.
Lakini kimbia, mwanangu, kimbia vizuri.
Asiyejua kumkimbia lipiko, huyo si wetu."
Nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki.

Ofisi ya vitambulisho, karani, kalamu hewani:
"Mmakonde wa huku, au wa kule?"
Nimezaliwa Ligula, wodi ya wazazi, kitanda cha dirishani.
Nikasema, wa huku.
Si uongo.
Mbona koo liliwasha
kama nimebanjua korosho mbichi kwa meno?

Bibi alipofariki, wa Mueda walivuka Kilambo,
kapulana zimefungwa viunoni, gunia la mahindi, pasipoti.
Niliwapokea mlangoni kwa lugha yetu.
Ikatoka chi.
Shangazi Jovita alicheka huku akilia,
akanikumbatia, akawaambia wenzake:
"Kumbe mtoto wetu ni Mtanzania!"
Hakuwa na ubaya. Nilikwenda jikoni
nikachochea moto uliokuwa unawaka sawasawa.

Sasa Veronika wangu ana miaka sita
na meno mawili ya mbele ameyatupa paani.
Shai yake haina sukari.
Shandarua kimetoboka.
Jana alikuta mti mweusi nyuma ya pipa la maji,
laini pale mikono ilipopita:
"Mama, mshi huu ni wa nani?"

Mwalimu wake ananiambia nisihofu,
meno yakiota atatamka vizuri.

Namshukuru mwalimu.
Usiku, mtoto amelala,
ninapitisha kidole kwenye ufizi wake,
taratibu,
nikiomba yachelewe.